Mabibo ya kuoka: sukari ikipunguzwa, kazi yake afanye nani?

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, miezi ya Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika, ndiyo miezi ya matufaha na mapeasi, na ndiyo miezi ya kitindamlo cha kuoka ambacho hakina makuu: matunda yaliyokatwakatwa hutandazwa chini ya bakuli, juu yake hunyunyizwa chenga za unga uliofikichwa kwa siagi na sukari, kisha bakuli huingizwa kwenye oveni mpaka juu pawe pakavu na chini pachemke. Miezi hiyohiyo Mtwara na Lindi ni msimu wa korosho. Kuanzia Newala na Tandahimba hadi Nachingwea, Ruangwa na Liwale, ardhi iliyo chini ya mikorosho hujaa mabibo, na mengi kati ya hayo huachwa yaoze mara tu korosho inapong'olewa, ingawa bibo moja lina uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho inayoning'inia chini yake. Tunda hilo linafaa kabisa kukaa mahali pa tufaha katika bakuli hilo, na linaweza kutupatia kitindamlo chenye sukari ndogo kuliko kile cha asili, mradi mpishi aelewe kwanza sukari huwa inafanya nini humo ndani.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mazungumzo ya chakula chenye afya hugeuka kuwa mambo ya mapenzi ya mtu. Kipimo cha kawaida cha kitindamlo hiki kwa Waingereza, ambao kwao ni chakula cha nyumbani tangu zamani, ni chepesi kukumbuka: siagi ni nusu ya uzito wa unga, na sukari vivyo hivyo. Kwa walaji sita hiyo ni takribani gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi na gramu 100 za sukari, pamoja na gramu nyingine 50 za sukari zinazochanganywa na matunda yenyewe, ambayo huwa karibu kilo moja. Ukigawanya, kila mlaji anapata gramu 25 za sukari iliyoongezwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na linaona itakuwa bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Bakuli moja dogo la baada ya chakula linamaliza kiasi hicho chote, na hapo chai ya asubuhi bado haijahesabiwa. Siagi nayo, ambayo nusu ya uzito wake ni mafuta yenye asili ya kuganda, humwachia kila mlaji gramu nane hivi za mafuta hayo, wakati kikomo cha siku nzima kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 22 hivi.

Wengi wakishaiona hesabu hiyo hukimbilia kubadilisha sukari kwa asali au sukari guru na kuhesabu kuwa kazi imekwisha. Haijaanza. Asilimia 80 hivi ya asali ni sukari, na mwongozo uleule unaiweka asali, sharubati na juisi ya matunda katika kundi moja na sukari ya mezani. Sukari guru ina rangi na harufu nzuri, na madini yake ni machache mno kuweza kubadilisha lolote kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukila. Sukari isiyohesabiwa katika kundi hilo ni ile iliyomo ndani ya tunda zima, kwa kuwa inabaki imefungwa ndani ya kuta za chembe za tunda pamoja na nyuzinyuzi zake, inahitaji kutafunwa, na hufika kwenye damu polepole. Kwa sababu hiyo tunda lililokatwa vipande na kuokwa si sawa na juisi ya tunda hilohilo iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, hata kama vyote viwili vimetoka katika mti mmoja. Ama kuhusu vitamisho visivyo na sukari vinavyouzwa madukani, shirika hilo mwaka 2023 lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito wa mwili, na kwa mwokaji vina kasoro nyingine: vinaleta utamu peke yake na kuacha kazi nyingine zote za sukari bila wa kuzifanya.

Kazi hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Sukari huvuta maji na kuyashika, hivyo matunda hayatoki makavu. Huizuia glutini, ile protini ya ngano inayoushikanisha unga, isikamatane sana, na kwa hiyo chenga hubaki laini badala ya kuwa ngumu kama biskuti iliyosahauliwa. Inapopata joto hubadilika rangi na kutoa ile harufu inayomwita mtu jikoni, na inapopoa hukauka na kuzipa chenga ule mlio menoni. Mpishi anayepunguza sukari hadi nusu bila kubadilisha kitu kingine chochote hupata kifuniko kigumu, kilichopauka na kisicho na harufu, kisha husema chakula chenye afya hakina ladha, ilhali kilichokosekana ni mtenda kazi wa kushika nafasi iliyoachwa wazi. Njia ya uhakika ni kuigawa kazi ya sukari kwa viungo vingine, kila kimoja kazi yake, na kuiachia sukari yenyewe kiasi kidogo ambacho hakuna kingine kinachokiweza. Kwa bahati njema, karibu kila kinachohitajika kwa mgawanyo huo kinalimwa katika mikoa hii miwili.

Kazi ya kwanza ni utamu, na hapa ndipo bibo linapohitaji maelezo marefu, kwa sababu bibo si tunda lisilo na utamu. Lililoiva sawasawa lina sukari yake ya asili inayokaribia asilimia 10 ya uzito, si mbali na tufaha. Linalomfanya mtu akunje uso ni ukakasi, na ukakasi si ladha kama uchungu au uchachu; ni tanini za tunda zinazoshikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, ulimi ukahisi kama umekwaruzwa na kaakaa kama limebanwa. Sukari haiondoi jambo hilo, inalifunika tu, na kwa kuwa inalifunika vibaya, inabidi iwekwe nyingi. Sehemu kubwa ya sukari inayotiwa katika jamu na vitafunio vya mabibo hutumika kupambana na ukakasi, wala haihitajiki kwa ajili ya utamu wenyewe. Ukiuondoa ukakasi kabla ya kuoka, haja ya sukari hupungua yenyewe, na mimi naona hatua hii moja ina thamani kuliko mabadiliko mengine yote yanayoelezwa katika makala haya.

Yachaguliwe mabibo yaliyoiva kabisa, mekundu au ya njano, magumu kiasi na yasiyopondeka, yaliyochumwa au kuokotwa siku hiyohiyo. Wanaoijua uraka, pombe ya mabibo, hawahitaji kuambiwa jinsi maji ya bibo yanavyochacha haraka: hamira za asili zilizo kwenye ganda la tunda huanza kuila sukari yake mara linapopasuka, na bibo la jana lililolala kwenye ndoo limeshapoteza utamu na kuanza kupata kileo, jambo ambalo katika nyumba nyingi za pwani yetu linatosha kulifanya lisifae. Korosho inyongwe na kutolewa kabla ya lolote, nayo iwekwe mbali na jiko, kwa sababu maganda yake yana mafuta yanayounguza ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua. Mpishi avae nguo asiyoionea uchungu, maana maji ya bibo yakishika kitambaa doa lake halitoki.

Baada ya kuyaosha, kata ncha zote mbili na uzitupe, kisha lilaze bibo na ulikate vipande vya mviringo unene wa kidole kimoja. Nyuzi za bibo hupita kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi ilipokuwa korosho, kwa hiyo anayelikata kwa urefu humpa mlaji kamba za kutafuna, na anayelikata kwa upana humpa nyuzi fupi zisizosumbua. Loweka vipande hivyo kwa nusu saa katika maji yenye vijiko vitatu vya chai vya chumvi kwa kila lita, vioshe, halafu vipike kwa mvuke dakika 10 hadi 15, vikiwa juu ya chekecheke au kikapu cha mvuke bila kugusa maji yanayochemka. Vikishapoa vikamue kidogo kwa viganja, bila kuvivunja. Chumvi na mvuke huzitoa tanini nyingi na kuzipunguza nguvu zinazobaki, na kile kipande kilichokuwa kikibana ulimi hugeuka kuwa laini, chenye utamu wa upole na harufu yake mwenyewe, ambayo haifanani na ya tunda lingine lolote.

Maji yanayotoka wakati wa kukamua yasirudishwe kwenye bakuli. Anayetaka kuyanywa anaweza kuyachanganya na uji mwepesi wa mchele, kuyaacha yatulie mpaka wanga uzivute tanini na kuzama nazo, kisha kumimina yale safi ya juu. Kuyachemsha yakawa mazito na kuyamwagia matunda ni kuirudisha kwa mlango wa nyuma sukari tuliyokuwa tukiiondoa kwa mlango wa mbele.

Lisemwe pia jambo la vitamini C, kwa sababu hutajwa sana na wauzaji. Bibo bichi linayo mara kadhaa zaidi ya chungwa, hilo ni kweli. Lakini vitamini hiyo huyeyuka katika maji na huharibika kwa joto, na tunda lililolowekwa, likapikwa kwa mvuke, likakamuliwa na kisha kuokwa limeshapoteza sehemu kubwa. Anayeitafuta vitamini C ale bibo bichi. Kitindamlo hiki kinasifiwa kwa mengine.

Kwa bakuli la watu sita yatafaa mabibo kumi hadi kumi na mawili ya ukubwa wa kati, yaani kama gramu 700 baada ya kukatwa ncha, pamoja na ndizi mbivu zinazotimiza gramu 250 bila maganda. Ndizi imewekwa kwa makusudi. Inapoiva mpaka ganda lake likaanza kutoa madoa meusi, karibu wanga wake wote umegeuka sukari, na kwa kuwa hiyo ni sukari ya tunda zima, inasaidia kuleta utamu bila kuongeza gramu katika ile hesabu ya sukari iliyoongezwa. Ikatwe vipande vinene, ichanganywe na mabibo, vikamuliwe maji ya nusu ndimu, na kutiwa iliki ya kutwanga, mdalasini na tangawizi mbichi iliyokunwa, pamoja na chembe za chumvi, kama chumvi haijabaki kwenye mabibo. Iliki na mdalasini havina utamu wowote, lakini pua zetu zimezoea kukutana navyo katika maandazi, vitumbua na chai, na harufu yake peke yake huufanya ulimi uhisi utamu kuliko uliopo. Chumvi kidogo huzima uchungu uliosalia.

Kazi ya pili ya sukari, ile ya kushika maji, apewe muhogo. Bibo ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na hata baada ya kukamuliwa litatoa mengine likiwa motoni. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo, ule uleule unaosongwa ugali, vikichanganywa na matunda kabla ya kuoka, huyanywa maji hayo na kuyageuza mchuzi mzito unaoshikamana na vipande. Unga uwe ule uliotayarishwa vizuri na kukaushwa kwa ajili ya chakula, kwa sababu mihogo michungu isiyoandaliwa ina sumu. Wanga wa muhogo hukaza zaidi unapopoa, kwa hiyo mtu asishtuke akitoa bakuli jikoni na kuona mchuzi bado unatembea.

Sasa kifuniko. Badala ya unga wa ngano tumia gramu 100 za unga wa mtama, na uwe mtama mweupe, kwa maana mtama mwekundu mara nyingi huwa na tanini zake, na haitakuwa busara kuzitoa tanini kwenye tunda kwa jasho kisha kuzirudisha kwa unga. Mtama hauna glutini, kwa hiyo hauhitaji sukari ya kuzuia chenga zisiwe ngumu. Hiyo ni kazi iliyofutika yenyewe. Unga ukaangwe kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikorogwa bila kuachwa, mpaka ubadilike rangi kidogo na harufu ya ubichi iondoke. Harufu na rangi ambazo sukari ilikuwa ikizileta zinaletwa sasa na nafaka iliyokaangwa, na baadaye zitaongezewa na korosho na ufuta.

Korosho ziwe zilizobanguliwa, gramu 80, kiasi cha konzi mbili kubwa, zisizotiwa chumvi. Nusu zitwangwe kwenye kinu mpaka zianze kutoa mafuta na kushikana, na nusu zivunjwe tu vipande vikubwa. Zile zilizotwangwa ndizo zinazozifanya chenga za mtama zishikane, kwa sababu unga usio na glutini hutawanyika kama mchanga usipopata kiungo cha kuufunga. Zile zilizovunjwa ndizo zinazoleta mlio menoni, ile kazi ya mwisho ya sukari. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya ufuta, zao ambalo Lindi haihitaji kuagiza kwa mtu, na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti, kisha fikicha kwa ncha za vidole mpaka zipatikane chenga kubwa na ndogo. Sukari ni gramu 40 tu, vijiko kumi vya chai, nayo yote ichanganywe na kifuniko, isitiwe kwenye matunda hata chembe. Ulimi hukutana kwanza na kilicho juu; sukari iliyo juu huonekana nyingi, na iliyozama chini hupotea.

Wapo watakaouliza kwa nini isitumike nazi, katika pwani ambayo mnazi uko kila ua. Nazi iliyokunwa, kiganja kimoja, inaweza kuchanganywa na chenga bila neno, na inapendeza. Kuyafanya mafuta ya nazi kuwa mafuta makuu ya kifuniko ni jambo jingine, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina ile yenye asili ya kuganda, kuliko hata siagi, na mtu aliyeikimbia siagi atakuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi joto 180 za Selsiasi, dakika 35 hadi 40. Asiye nayo hana sababu ya kuacha, kwa kuwa anayejua kuoka mkate wa kumimina tayari anajua kila kinachohitajika: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, bakuli la bati au la udongo juu ya mchanga, mfuniko wa bati, na makaa yakipaliwa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, karibu mara mbili, kwa sababu matunda yameshaiva kwa mvuke na yanachohitaji ni kuchemka taratibu, ilhali kifuniko ndicho kinachotakiwa kukauka. Funua utazame baada ya dakika 20. Korosho huungua ghafla, na vipande vikubwa vinavyochungulia juu ya chenga vifukiwe kidogo kwa kijiko. Bakuli likitolewa liachwe nusu saa; muhogo utakaza, na chakula kitaliwa kikiwa vuguvugu, hali ambayo utamu husikika zaidi kuliko kikiwa baridi kutoka kwenye friji.

Turudi kwenye hesabu, safari hii kwa bakuli letu. Sukari iliyoongezwa ni gramu saba hivi kwa mlaji, chini ya vijiko viwili vya chai, dhidi ya zile 25. Wanga na sukari za kila aina kwa jumla ni kama gramu 40 na ushee, wakati bakuli la tufaha na ngano hukaribia 70, na mgonjwa wa kisukari aliyezoea kuhesabu mlo wake aihesabu namba hiyo kama anavyohesabu ugali au wali, asidanganywe na sifa ya tunda. Mafuta, na hili lisemwe wazi, hayakupungua: korosho, ufuta na alizeti kwa pamoja vinampa kila mtu gramu 14 hivi, sawasawa na siagi. Kilichobadilika ni aina yake, kwani yale yenye asili ya kuganda yameshuka kutoka gramu nane hadi mbili. Kwa hiyo hiki si chakula cha kupunguzia unene, na anayekula bakuli mbili akidhani mtama na korosho vimemwombea msamaha atakuwa amejihesabia vibaya. Pembeni yake, mtindi usiotiwa sukari unafaa kuliko kastadi. Korosho na ufuta huwadhuru baadhi ya watu wenye mzio, na mgeni aulizwe kabla ya kupakuliwa.

Mabibo yakipungua kuelekea Januari na maembe yakajaa, kifuniko kinabaki vilevile ila matunda yanabadilisha masharti. Embe bivu halina ukakasi wa kuondolewa na lina sukari nyingi kuliko bibo, kwa hiyo halihitaji kulowekwa wala mvuke, ndizi iondolewe, sukari ya juu ishushwe hadi gramu 25, na unga wa muhogo upunguzwe hadi kijiko kimoja na nusu. Nanasi, kwa upande wake, lina maji mengi na uchachu wake, na vipande vyake vipikwe kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka maji yapungue kabla ya kuvitia kwenye bakuli, la sivyo chenga zitaiva kwa mvuke kutoka chini na kulainika zote.